Picha ya Ultrasaundi Inapokosea: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Malalamiko kuhusu mashine za ultrasaundi katika vituo vya afya hujirudia kwa namna ileile: upande wa chini wa picha ni giza, kuna michirizi isiyoondoka, kibofu cha mkojo kimejaa ukungu, mimba moja inaonekana kuwa mbili, rangi za Dopla, yaani kipimo cha mwendo wa damu, hazitokei. Mara nyingi mashine ndiyo hulaumiwa kwanza na fundi huitwa kutoka mbali, ilhali chanzo ni jeli iliyokauka, masafa (idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde) yasiyofaa kwa kina kinachotafutwa, au tabia ya kawaida ya sauti inapopita mwilini. Lakini hutokea pia kinyume chake, na hicho ndicho kinachodhuru zaidi: kasoro ya kweli ya probu, yaani kile kishikio kinachowekwa mwilini kutuma na kupokea sauti, huzoeleka, wapimaji hujifunza kuikwepa, na siku moja mgonjwa huandikiwa majibu yaliyotokana na kasoro hiyo.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili vyanzo vinaanzia kile kinachotokea sana. Hauchukui nafasi ya kitabu cha maelekezo cha mashine husika, wala ya daktari wa radiolojia katika kutafsiri picha.

Kabla ya dalili yoyote: mashine inadhani nini

Uso wa probu una safu ya fuwele ndogo, mara nyingi 128 au 192, ambazo hutetema zinapopewa umeme na kuzalisha umeme zinapotetemeshwa na mwangwi. Mashine hutuma pigo fupi la sauti, hunyamaza, kisha husikiliza. Haioni kina cha kitu chochote. Hupima muda tu, na kuugeuza kuwa umbali kwa kudhani kwamba sauti husafiri mwilini kwa mita 1540 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kila sentimita moja ya kina huchukua takribani mikrosekunde 13, kwenda na kurudi.

Pamoja na dhana hiyo ya kasi kuna nyingine. Mashine hudhani kwamba sauti imekwenda kwa mstari ulionyooka, kwamba kila mwangwi umerudi moja kwa moja baada ya kugonga mara moja tu, kwamba umetoka ndani ya mwale mkuu na si pembeni yake, na kwamba sauti hufifia kwa kiwango kilekile kila mahali. Dhana hizi zote huvunjwa na mwili kila siku, na kila moja ikivunjwa picha hukosea kwa namna yake inayotambulika. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya picha yenye kasoro ni hili: kasoro inafuata nini? Probu isogezwe taratibu huku macho yakiwa kwenye skrini. Ikiwa kasoro imebaki mahali palepale pa skrini wakati viungo vinapita chini yake, chanzo kiko kwenye probu, kebo au mashine, au katika mgusano wa probu na ngozi. Ikiwa inasogea pamoja na kiungo, chanzo kiko mwilini. Ikiwa inaonekana hata probu inapokuwa hewani bila kugusa mtu, na inabadilika plagi ya umeme inapochomolewa, chanzo kiko kwenye umeme wa chumba. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na mpimaji asiite fundi kabla ya kulifanya.

Dalili ya 1: Mashine imewaka lakini eneo la picha ni jeusi

Vyanzo vya kawaida ni vyepesi. Picha imegandishwa, probu iliyochaguliwa kwenye skrini siyo iliyoko mkononi, gaini (kidhibiti cha kukuza mwangwi wote) imeshushwa hadi mwisho, au plagi ya probu imeingizwa bila kufungwa kwa komeo lake. Picha igandishwe na kuachiliwa tena, probu ichaguliwe upya, kisha mashine izimwe kwa utaratibu wake kabla ya kuchomoa na kurudisha plagi ya probu, huku pini zikiangaliwa kama zimepinda au zina vumbi. Pini iliyopinda isinyooshwe kwa koleo, kwa kuwa ikivunjikia ndani ya soketi huharibu mashine pamoja na probu. Probu nyingine ikifanya kazi kwenye soketi ileile, tatizo ni la probu ya kwanza. Ikiwa zote hazifanyi kazi, aitwe fundi wa vifaa tiba.

Dalili ya 2: Juu panaonekana vizuri, chini ni giza

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na sehemu kubwa yake ni fizikia wala si uharibifu. Sauti hufifia katika tishu laini kwa takribani desibeli 0.5 kwa kila sentimita kwa kila megahezi. Mpimaji anayetafuta kitu kilicho sentimita 15 ndani kwa masafa ya megahezi 5 anapoteza karibu desibeli 37 wakati wa kwenda na 37 nyingine wakati wa kurudi, jumla yake desibeli 75. Akishuka hadi megahezi 2.5, hasara hiyo hupungua kwa nusu. Hakuna gaini inayoweza kuurudisha mwangwi uliokwisha kuzama chini ya kelele za umeme za mashine yenyewe. Gaini hukuza mwangwi na kelele kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ni masafa. Probu pana ya tumbo hufanya kazi kati ya megahezi 2 na 5 hivi, nayo probu bapa ya mishipa, matiti na tezi ya shingo hufanya kazi kati ya megahezi 7 na 15. Kutafuta figo ya mtu mnene kwa probu bapa ni kujinyima picha kabla ya kuanza. Masafa ya juu huonyesha vitu vidogo zaidi kwa kuwa urefu wa wimbi ni mfupi, takribani milimita 0.5 kwa megahezi 3 na milimita 0.15 kwa megahezi 10, lakini ubora huo hulipiwa kwa kina.

Masafa yakishakuwa sahihi, viangaliwe viswichi vya TGC, yaani ile safu ya vidhibiti vya kuongeza nguvu ya mwangwi kwa kila kina. Mara kwa mara viswichi vya chini huwa vimesukumwa kushoto na mtu aliyesafisha mashine, bila kukusudia. Baada ya hapo fokasi, yaani mahali mwale ulipo mwembamba zaidi, ishushwe hadi kwenye kina cha kiungo kinachotazamwa au chini yake kidogo, kwa kuwa mwale hupanuka na kudhoofika ukishapita fokasi. Kina cha picha nacho kisizidi kinachohitajika: kina cha sentimita 24 kwa mimba changa hupunguza idadi ya picha kwa sekunde na kuijaza skrini na eneo lisilo na habari.

Mgonjwa mwenyewe huja baadaye katika mfuatano huu. Mafuta mengi chini ya ngozi na ini lenye mafuta hufifisha sauti sana. Tumbo lililojaa gesi huizuia kabisa, kwa kuwa mpaka kati ya tishu na hewa huakisi zaidi ya asilimia 99 ya sauti. Hapo dawa ni kumgeuza mgonjwa, kumwomba avute pumzi na kuishikilia, kubonyeza taratibu ili kusukuma gesi, au kumrudisha siku nyingine akiwa amefunga kula. Kwa vipimo vya nyonga, kibofu kilichojaa mkojo hupitisha sauti karibu bila hasara.

Ikiwa picha imefifia kwa wagonjwa wote, kwa probu moja tu, na hali imezidi kuwa mbaya polepole kwa miezi, basi inawezekana uso wa probu umeanza kubanduka au fuwele zimechoka. Ulinganisho ni rahisi iwapo kituo kilihifadhi picha za mwanzo za probu hiyo zikiwa na mipangilio ileile. Vituo vingi havikufanya hivyo, na ninasihi kila kituo kinachopokea probu mpya kihifadhi picha hizo siku ya kwanza.

Dalili ya 3: Ukungu ndani ya maji

Mkojo, nyongo na uvimbe wa maji havina cha kurudisha mwangwi, hivyo ndani yake panatakiwa kuwa peusi. Ukungu unapoonekana, chanzo cha kawaida ni gaini iliyozidi. Ishushwe mpaka maji yawe meusi, huku ini likibaki na kijivu chake. Ukungu ulioko sehemu ya juu tu ya kibofu, wenye mistari inayolingana na uso wa probu, kwa kawaida ni mwangwi unaogonga mara nyingi kati ya probu na ukuta wa tumbo. Ulioko chini au pembeni, unaofanana na tope, huweza kutokana na unene wa mwale: mwale una upana pande zote, na ukigusa maji na ukuta kwa pamoja mashine huvichanganya. Kubadili pembe ya probu, kuwasha hamoniki (mpangilio unaojenga picha kwa mwangwi wa masafa maradufu) na kusogeza fokasi hupunguza aina hizi zote mbili.

Tahadhari ni kwamba tope la kweli kwenye nyongo, usaha na damu hufanana sana na ukungu huu. Mgonjwa ageuzwe upande: tope la kweli hutiririka taratibu kufuata mvutano wa ardhi, nao ukungu wa kimashine hubaki ukifuata probu. Shaka ikibaki, picha zote mbili zipelekwe kwa daktari wa radiolojia.

Dalili ya 4: Michirizi ya giza inayoshuka wima

Chanzo cha kwanza ni hewa kati ya probu na ngozi. Jeli ni chache, ina mapovu, au probu imeinuliwa upande mmoja. Wembamba wa karatasi wa hewa unatosha kuizima sehemu ya picha. Jeli iongezwe, na nywele zilizo chini ya probu zilowanishwe kwanza kwa maji. Palipokosekana jeli ya kiwandani, vituo vingine hutumia uji laini wa wanga wa mahindi au muhogo uliopikwa na kupoa, na wanga wa maji hupitisha sauti vizuri ukiwa hauna madonge wala mapovu. Uandaliwe kila siku kwa kuwa huchacha na kuota bakteria, na usitumike kwenye kidonda wala kwa probu ya ndani ya mwili. Mafuta ya kujipaka, Vaseline na losheni visitumike kamwe kama mbadala: mafuta hulainisha na kupasua mpira wa uso wa probu.

Chanzo cha pili ni mbavu, mawe na gesi, ambavyo huacha kivuli nyuma yake. Kivuli hiki huanzia kwenye kitu chenyewe, chini ya ngozi, na husogea nacho. Hiki si kitu cha kuondoa. Kivuli safi nyuma ya doa jeupe kwenye mfuko wa nyongo ndicho kinachomsaidia daktari kusema kwamba ni jiwe, kama ambavyo weupe uliozidi nyuma ya uvimbe humwelekeza kudhani ndani yake kuna maji. Kuna pia vivuli vyembamba kwenye kingo za vitu vya mviringo, kama kichwa cha mtoto au uvimbe, vinavyotokana na sauti kupinda kwenye ukingo.

Chanzo cha tatu, na hapa ndipo probu huhusika, ni fuwele zilizokufa. Mchirizi wake huanzia juu kabisa, kwenye uso wa probu, hausogei, na huonekana kwa kila mgonjwa. Uchunguzi hufanywa hivi. Probu ifutwe ikauke, iachwe hewani, hamoniki na uchanganyaji wa pembe (kuunganisha picha za pembe kadhaa kuwa moja) vizimwe, kina kipunguzwe, fokasi ipandishwe juu na gaini iongezwe. Kwenye sehemu ya juu ya skrini itaonekana mistari myeupe inayolingana na uso wa probu, ambayo ni sauti inayogonga ndani ya probu yenyewe. Mistari hiyo inatakiwa kuwa sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Pengo la giza katikati yake huonyesha fuwele zisizofanya kazi, waya uliokatika kwenye kebo au pini mbovu. Kebo itikiswe taratibu karibu na shingo ya probu: pengo likitokea na kupotea, waya ndio unaokatika. Kipande cha chuma chembamba, kama kibanio cha karatasi kilichonyooshwa, kikipitishwa polepole juu ya uso wa probu uliopakwa jeli kidogo, huonyesha mahali hasa penye fuwele zilizokufa. Kisipitishwe upande wa ncha kali. Jaribio hili linafaa kwa probu bapa na probu pana, na halitoi jibu la wazi kwa probu ya moyo, ambayo hutumia fuwele zake zote kwa kila mstari wa picha.

Fuwele chache zilizokufa pembeni haziharibu sana picha ya tumbo, lakini zikiwa katikati, au zikiwa zimefuatana, hupunguza ukali wa picha na kupotosha Dopla. Matengenezo ya probu si kazi ya kituo. Hakuna kinachofunguliwa; fundi aitwe.

Dalili ya 5: Theluji na mistari inayometameta

Mistari iliyopangika inayokimbia kwenye skrini, hasa Dopla ikiwashwa, kwa kawaida ni umeme wa nje. Mashine yenye betri ichomolewe kwenye soketi: dalili ikitoweka, chanzo ni njia ya umeme. Baada ya hapo vizimwe kimoja kimoja vifaa vilivyo karibu, kuanzia chaja za simu, taa za bei nafuu, feni na friji. Jenereta yenye volti zinazopanda na kushuka huleta theluji na pia hufupisha maisha ya mashine. Stabilaiza na UPS vya uwezo unaotosha si anasa. Waya wa ethi ukaguliwe na fundi umeme, na pini ya ethi ya plagi isikatwe kwa sababu yoyote ile, hata kama soketi ya chumba ina matundu mawili tu. Pini hiyo inamlinda mgonjwa.

Dalili ya 6: Kitu kinachoonekana ambacho hakipo

Hapa hakuna kilichoharibika kwenye mashine, na hapa ndipo makosa yenye madhara makubwa hutokea.

Mfano wa kwanza ni mimba moja inayoonekana mbili. Probu ikiwekwa katikati ya tumbo la chini kwa upana, misuli miwili ya mbele ya tumbo pamoja na mafuta yaliyo kati yake hupinda mwale wa sauti mfano wa lenzi, na mfuko mmoja wa mimba changa huweza kuonekana kuwa miwili iliyopakana. Mama akiambiwa ana mapacha, kisha kipimo kinachofuata kionyeshe mtoto mmoja, ataamini kwamba amempoteza mwingine. Probu isogezwe kando ya mstari wa kati, igeuzwe iwe wima, kisha ipimwe tena. Mfuko wa pili wa bandia utatoweka. Majibu ya mapacha yasiandikwe kwa mtazamo mmoja.

Mfano wa pili ni kioo. Diaframu ikiwa na pafu lenye hewa nyuma yake huakisi sauti kwa nguvu sana, na kitu kilichoko ndani ya ini huonekana mara ya pili upande wa juu wa diaframu, kana kwamba kiko kwenye pafu. Dalili yake ni usawa wa umbali: nakala iko umbali uleule nyuma ya diaframu kama ule wa kitu halisi mbele yake, na hupotea pembe ikibadilishwa. Kibofu kilichojaa huweza kuzaa nakala ya namna hiyo ndani ya nyonga, ikadhaniwa ni uvimbe wa maji.

Kanuni inayofaa kwa yote ni kwamba kitu halisi huonekana kwa angalau pande mbili, kwa probu iliyowekwa zaidi ya mahali pamoja. Kinachoonekana kwa pembe moja tu kisiingie kwenye ripoti kama ugonjwa.

Dalili ya 7: Vipimo vya urefu vinatofautiana

Mara nyingi chanzo ni mkono: picha ya kichwa cha mtoto imekatwa kwa mshazari, au alama zimewekwa ndani badala ya nje ya mfupa. Vipimo vinavyofuata mwelekeo wa sauti, kutoka juu kwenda chini, ni sahihi kuliko vya upande kwa upande, kwa kuwa pigo la sauti ni fupi lakini mwale ni mpana. Mafuta nayo hupotosha kidogo, kwa kuwa sauti hupita ndani yake kwa takribani mita 1450 kwa sekunde, na tabaka lake huonekana nene kwa karibu asilimia 6 kuliko lilivyo.

Wapo wanaojaribu mashine kwa kupima umbali ndani ya ndoo ya maji na kukuta hitilafu. Maji ya nyuzi 20 hupitisha sauti kwa mita 1482 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita 10 za kweli husomeka karibu 10.4 kwenye mashine nzima kabisa. Uhakiki wa vipimo ufanywe na mhandisi wa vifaa tiba kwa kifaa maalumu chenye kasi ya 1540.

Dalili ya 8: Dopla haionyeshi rangi, au rangi zinageuka

Dopla hupima mwendo unaokuja au kuondoka, kwa kadiri ya kosaini ya pembe. Mshipa unaopita sambamba na uso wa probu uko kwa nyuzi 90, ambapo kosaini ni sifuri, na rangi hupotea hata damu ikikimbia. Probu iinamishwe, au kisanduku cha rangi kielekezwe upande. Kwa kupima kasi, pembe isizidi nyuzi 60: hapo kosa la nyuzi 5 huharibu jibu kwa takribani asilimia 15, na kwa nyuzi 80 kosa hilohilo huweza kuharibu kwa nusu au zaidi. Pembe ikiwa nzuri na rangi bado hakuna, skeli ya kasi ishushwe na kichujio cha mwendo wa polepole kipunguzwe kabla ya kuandika kwamba mshipa umeziba.

Rangi inayogeuka ghafla kutoka nyekundu angavu kwenda buluu angavu ndani ya mshipa mmoja huonyesha kwamba mabadiliko ya masafa yamezidi nusu ya idadi ya mapigo ya sauti ambayo mashine hutuma kwa sekunde. Skeli ipandishwe. Rangi ikigeuka kupitia weusi, damu ndiyo iliyobadili mwelekeo.

Dopla hutumia nguvu nyingi kuliko picha ya kawaida. Katika mimba changa mapigo ya moyo yapimwe kwa M-mode (mchoro wa mwendo kwenye mstari mmoja wa sauti), na iwapo daktari ameagiza Dopla kati ya wiki 11 na 13, namba ya TI (kipimo cha uwezekano wa sauti kupasha tishu joto) kwenye skrini isizidi 1.0 na muda uwe mfupi.

Wakati wa kuacha mara moja

Probu iliyopasuka usoni, iliyobanduka gundi, yenye kebo iliyochubuka au iliyodondoka sakafuni isiwekwe kwa mgonjwa, hata kama picha yake bado ni nzuri. Fuwele huendeshwa kwa volti zinazoweza kufika 100 na zaidi, na jeli hupenya kwenye ufa. Ni hivyo hivyo kwa probu inayochoma mkono, kwa kuwa kikomo cha joto la uso unaogusa mgonjwa ni nyuzi 43. Kwa mtu yeyote aliyehisi mshtuko wa umeme. Na kwa harufu ya kuungua. Mashine izimwe, plagi ichomolewe, na kasha lisifunguliwe.

Probu ya ukeni yenye ufa haiwezi kutakaswa kwa uhakika, kwa kuwa vijidudu hubaki ndani ya ufa, na kondomu inayovishwa juu yake haiondoi hatari hiyo. Kwa probu nzima, jeli ifutwe baada ya kila mgonjwa na dawa itumike ile tu iliyoorodheshwa na mtengenezaji. Probu isiingizwe kwenye mashine ya kuchemshia vifaa kwa mvuke, wala isizamishwe kupita alama yake.

Fundi anapoitwa, apewe namba ya probu, soketi iliyotumika, picha ya kasoro iliyohifadhiwa, picha ya probu ikiwa hewani, na maelezo kama probu nyingine ina dalili hiyohiyo. Kwa taarifa hizo anaweza kuamua aje na kifaa gani, na mara nyingine huweza kuelekeza kwa simu bila kusafiri. Probu iliyosimamishwa ibandikwe karatasi yenye tarehe na sababu, kisha ifungiwe kabatini, ili mpimaji wa zamu ya usiku asiichukue bila kujua.